Vyumba Visivyoonekana kwa Macho

Msomaji, ukiutwaa utando mwembamba wa kitunguu na kuutazama kwa hadubini, utaona vyumba vidogo vilivyopangwa safu safu kama matofali ukutani. Vyumba hivyo ndivyo seli. Leo mwalimu hukueleza habari zake kwa kipindi kimoja. Lakini wanadamu walichukua karibu miaka 200 kuzijua, wala hapana mtu mmoja aliyezijua peke yake.

Wa kwanza alikuwa Mwingereza Robert Hooke. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1665, alieleza jinsi alivyokata kizibo kwa kisu kikali, akaona ndani yake vitundu vingi kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno la lugha yake lenye maana ya vyumba vidogo. Lakini kizibo ni gome la mti lililokwisha kufa. Alichokiona Hooke kilikuwa mahame: kuta zimesimama, mwenyeji hayupo.

Mwenyeji huyo alipewa jina mwaka 1831, wakati Robert Brown, Mskoti aliyechunguza mimea, alipoeleza kitone kilichomo ndani ya seli za mmea. Leo twakiita kiini.

Ikawa sasa Berlin, katika Ujerumani, waliishi rafiki wawili: Matthias Schleiden, mjuzi wa mimea, na Theodor Schwann, mjuzi wa wanyama. Schwann alisimulia baadaye kwamba siku moja walipokuwa wakila pamoja, Schleiden alimweleza kazi ya kiini katika mimea. Mara Schwann akakumbuka kuwa alikwisha kuona kitu kama hicho katika kiluwiluwi cha chura. Wakaenda kutazama wote wawili. Kumbe ni kweli! Schleiden akaandika juu ya mimea mwaka 1838, na Schwann juu ya wanyama mwaka 1839. Hivyo ikajulikana kwamba mwembe na ng'ombe wamejengwa kwa namna moja.

Hata hivyo wawili hao walikosea jambo moja. Walidhani seli mpya hujifanya zenyewe katika majimaji, kama chumvi igandavyo. Robert Remak, aliyechunguza mayai ya chura, alionyesha mwaka 1852 kwamba seli huzaliwa kwa kugawanyika kwa seli nyingine. Remak alikuwa Myahudi aliyekataa kuiacha dini yake, na kwa ajili hiyo hakupata kuwa profesa kamili. Rudolf Virchow alipoitangaza kauli hiyo hiyo mwaka 1855, sifa nyingi zilimwendea yeye. Cheo kilifungiwa Remak. Ukweli aliouona haukufungika.

Basi ukitazama seli ya kitunguu, kisha ya ndani ya shavu lako, zilinganishe kama walivyofanya wale rafiki wawili. Utaona kiini katika zote mbili. Ya kitunguu imezungukwa na ukuta mgumu. Ya shavu ina utando laini tu. Na ukitazama jani bichi, utaona pia vichembe vya kijani ambavyo mmea hutumia kujipikia chakula kwa nuru ya jua.

Usikariri tu maneno ya kitabu. Chora ulichokiona, umwonyeshe mwenzako, nawe utazame chake. Kwani kidole kimoja hakivunji chawa.