Mafunjo: Misri iliyapata, ikayapoteza, ikayarudisha

Mwaka 2013, kwenye bandari ya kale ya Wadi al-Jarf katika pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu, kikosi cha mwanaakiolojia Mfaransa Pierre Tallet kilifukua vipande vya mafunjo vyenye maandishi. Ndani yake mlikuwa na shajara ya mtu aitwaye Merer, msimamizi wa mabaharia waliokuwa wakisafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza, siku piramidi kuu ya Farao Khufu ilipokuwa ikijengwa. Merer aliandika kazi yake siku baada ya siku: walikopakia mawe, walikolala, walikoshusha. Shajara hiyo ina umri wa miaka 4,500 hivi, na hakuna maandishi ya mafunjo ya kale kuliko hayo yaliyokwisha kupatikana. Gombo kongwe zaidi lilitoka katika kaburi la Hemaka huko Saqqara, ila lenyewe halikuwa na neno hata moja.

Mmea uliobeba maneno ya Merer ndio huohuo unaosimama leo ukingoni mwa Ziwa Victoria, kuanzia mdomo wa mto Mara hadi kinamasi cha Yala nchini Kenya na ghuba za Uganda. Unazidi kimo cha mtu mara mbili, pengine kufika mita 5. Shina lake lina pembe tatu, limenyooka bila fundo, na kileleni hubeba kichwa cha nyuzi za kijani. Hauna majani ya kutajika; kazi ya kutengeneza chakula kwa jua hufanywa na hizo nyuzi na ngozi ya shina. Mizizi yake hutambaa na kusukana hadi kuwa zulia nene linaloelea, na mtu mzoefu anaweza kutembea juu yake huku maji yakiwa chini ya nyayo zake.

Wamisri walilimenya shina hilo, wakakata moyo wake mweupe kuwa vipande vyembamba, wakavilaza kimojakimoja ubavuni mwa kingine, kisha wakapanga tabaka la pili juu yake kwa kukingama. Vikagandamizwa hadi vikashikana, vikaanikwa, vikasuguliwa mpaka uso ukawa laini. Mwandishi Mrumi Plinio Mkubwa alieleza kazi hiyo katika karne ya kwanza, na maelezo yake ndiyo yaliyowaongoza wengi waliojaribu kuifufua baadaye. Kwa mafunjo hayohayo walisuka kamba na mikeka, wakaunda mitumbwi.

Waliupenda mmea huu pia kwa sura yake tu. Katika ukumbi mkubwa wa hekalu la Karnak, uliojengwa chini ya Seti wa Kwanza na mwanawe Ramses wa Pili, zimo nguzo 134, na zile 12 za katikati zina vichwa vilivyochongwa kwa umbo la ua la mafunjo lililofunguka, zikiwa na urefu wa mita 21 hivi. Katika mchoro wa kaburi la Nebamun, unaohifadhiwa leo London, bwana huyo yumo mtumbwini akiwinda ndege mbele ya kichaka cha mafunjo, na familia yake iko pamoja naye. Mmea huu ulikuwa alama ya Misri ya Chini, nchi ya delta. Kwa hiyo wanaoupanda leo kwenye vidimbwi vya bustani za hoteli kwa ajili ya urembo wanafuata desturi ya kale sana, wajue wasijue.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua kila ninapoisoma historia hii. Waarabu walipoitwaa Misri katika karne ya 7, hawakuacha mafunjo. Barua za gavana Qurra ibn Sharik za mwanzoni mwa karne ya 8 ziliandikwa juu yake. Lakini ufundi wa karatasi ulikuwa umetoka China na kuingia nchi za Kiislamu kupitia Samarkand na Baghdad. Karatasi ilitengenezwa kwa matambara, popote palipo na maji na kinu, bila kungoja bonde la Nile. Kufikia karne ya 11 soko la mafunjo lilikuwa limekwisha, hata ofisi ya Papa huko Roma, iliyoyashikilia kuliko wengine, ikayaacha. Mabwawa ya delta hayakuwa tena na mteja. Yakageuzwa mashamba. Hakuna aliyetoa amri ya kuumaliza mmea huo; ulikosa tu mtu wa kuutetea, na karne chache baadaye nchi iliyouweka kwenye nguzo za mahekalu yake ilikuwa karibu haina hata shina moja la porini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa mimea walikuta kichaka kidogo tu huko Wadi Natrun.

Uliendelea kuishi ugenini. Kando ya mto Ciane karibu na Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, mafunjo yapo hadi leo, na ni huko ambako Saverio Landolina alijaribu tena kutengeneza karatasi yake mwishoni mwa karne ya 18. Wapenda bustani wa Ulaya waliupanda ndani ya nyumba za vioo, kwa kuwa baridi ya huko huuua. Florida, ambako hakuna baridi kali, umetoroka bustanini na kuingia kwenye maji ya wazi.

Aliyeurudisha Misri ni Hassan Ragab, mhandisi na mwanajeshi aliyekuwa balozi wa nchi yake huko China katika miaka ya 1950. Kule aliwaona watu wakitengeneza karatasi kwa mikono kama babu zao, akajiuliza kwa nini Misri isifanye hivyo kwa mafunjo. Alipoanza, mmea wenyewe hakuupata nyumbani. Ilimbidi aagize mizizi kutoka Sudan, aipande ukingoni mwa Nile jijini Cairo, kisha ajifunze upya kwa kukosea na kurudia ufundi ambao hakuna fundi hai aliyeujua. Michoro ya mafunjo ambayo watalii hununua Cairo leo imetokana na juhudi zake. Katika miaka hiyohiyo Thor Heyerdahl wa Norway alitaka mafunjo ya kuundia chombo chake Ra, naye akayachukua Ziwa Tana nchini Ethiopia, ambako wavuvi hawajawahi kuacha kuunda mitumbwi yake. Chombo cha pili, Ra II, kiliondoka Safi, Morocco, mwaka 1970 na kufika Barbados baada ya siku 57.

Sasa turudi kwenye maziwa yetu, kwa sababu huku mafunjo hayajawahi kuhitaji kufufuliwa. Watu wamekuwa wakiyakata kwa mikeka, majamvi na maezeko, nayo hayakomi kuchipua: shina likikatwa na mizizi ikaachwa, kichaka hurudi urefu wake ndani ya mwaka. Kazi kubwa zaidi inafanyika chini. Maji ya mto yakiingia kinamasini hupunguza mwendo, tope hutua, na mizizi hufyonza naitrojeni na fosforasi ambazo zingelisha mwani ziwani. Kule ndani hewa ni haba. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita na kuwamaliza furu wengi, hastahimili maji ya namna hiyo. Kamongo na kambale huyamudu, na baadhi ya furu wamepona kwa kujificha humo. Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, ni kimbilio mojawapo. Nzohe hutembea juu ya zulia hilo kwa kwato zake ndefu, na wapo ndege ambao makao yao ni mafunjo na si penginepo.

Ziwa Naivasha, nchini Kenya, lilitoa somo mapema. Mwanaikolojia John Gaudet alichunguza mafunjo ya upande wa kaskazini mwa ziwa hilo katika miaka ya 1970, mahali mito Malewa na Gilgil inapoingilia, akaonyesha jinsi kinamasi kinavyokamata tope na virutubisho kabla havijafika ziwani. Tangu hapo mashamba ya maua yameongezeka, maji yamepanda na kushuka, na kila yaliposhuka ardhi iliyoachwa wazi ilipata mwenyewe upesi. Sehemu kubwa ya ukanda ule imekwisha.

Uganda imekuwa na sera ya taifa ya ardhi oevu tangu mwaka 1995, ikiwatangulia wengi Afrika. Hata hivyo eneo la ardhi oevu, lililokuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, lilishuka hadi asilimia 11 hivi mwaka 2008. Hii ndiyo hadithi ya delta ikirudiwa, na tofauti yake inaumiza. Mkulima wa Misri wa karne ya 11 aliona mmea ambao hauna soko. Sisi tuna hesabu mkononi. Mwaka 1999 wachumi walipima kinamasi cha Nakivubo jijini Kampala, kinachopokea majitaka ya mji kabla hayajaingia ghuba ya Murchison, wakakuta kazi yake ina thamani ya zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Chanzo cha maji ya bomba ya jiji wakati huo, Ggaba, kiko kwenye ghuba hiyohiyo.

Viwanda viliendelea kujengwa Nakivubo. Sehemu ya mafunjo iling'olewa ikapandwa magimbi, na mifereji ikachimbwa ili maji yapite haraka, kinyume kabisa cha kile kinachohitajika ili yasafishwe. Maji ya ghuba yalizidi kuchafuka, na kuyasafisha Ggaba kukawa ghali. Mtambo mpya wa maji ya Kampala ukajengwa Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba hiyo, na mabomba yakatandazwa kilomita nyingi kuyaleta mjini.