Waya Mmoja, Jumbe Nyingi: Historia ya Kugawana Njia

Intaneti huifikiaje nchi isiyo na pwani? Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kurudi hadi miaka ya 1870. Zama hizo, habari za haraka zilisafiri kwa telegrafu, na kwa kawaida waya mmoja ulibeba ujumbe mmoja tu kwa wakati mmoja. Kadiri biashara ilivyokua, ndivyo jumbe zilivyosubiri. Kutandaza nyaya mpya kulihitaji fedha nyingi. Wavumbuzi wakatafuta namna ya watu wengi kuutumia waya uleule.

Mfaransa Émile Baudot alijibu kwa zamu. Katika mtambo aliopatia hataza mwaka 1874, makarani kadhaa waliketi, kila mmoja mbele ya vibonyezo vitano. Kifaa kilichozunguka kilimuunganisha kila karani na waya kwa muda mfupi mno, kisha kikampa nafasi jirani yake. Ilimpasa kila mmoja kubonyeza kwa kufuata mdundo wa mashine. Aliyeikosa zamu yake aliharibu ujumbe wake.

Alexander Graham Bell, mzaliwa wa Uskoti aliyehamia Marekani, alishika njia nyingine: kila ujumbe upewe mlio wake, nao utambuliwe upande wa pili kama sikio linavyoitofautisha zumari na ngoma. Majaribio hayo yalimfikisha kwenye simu ya sauti. Hataza yake ya tarehe 7 Machi 1876 ilitaja uboreshaji wa telegrafu.

Njia zote mbili zingali hai. Mwaka 1962, Marekani ilianza kutumia mfumo wa T1, uliopitisha mazungumzo 24 kwa zamu, kila sauti ikipimwa mara 8,000 kwa sekunde. Leo, katika nyuzi za kioo, mikondo ya data hutenganishwa kwa rangi za mwanga, kama Bell alivyotaka kutenganisha jumbe kwa milio.

Nyuzi hizo ndizo zilizomo katika kebo za baharini za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009. SEACOM ilifika Dar es Salaam pia. Uganda na Rwanda hazina bahari, hivyo data zao hupita katika ardhi ya majirani kabla ya kuifikia pwani. Mitambo imekwisha kujua kupeana zamu. Ulinzi wa njia yenyewe umebaki mikononi mwa serikali na raia wa nchi zote zinazoitumia.

Swali la kujadili: Je, mwenye pwani ana wajibu gani kwa jirani asiye nayo?