Mtoto wa Jicho Hajakomaa

"Mtoto wa jicho hajakomaa, subiri kwanza." Wazee wengi wa Afrika Mashariki wamerudi nyumbani na kauli hiyo, na wahamasishaji wa afya huipiga vita kana kwamba imezuliwa vijijini na watu wasioijua hospitali. Ukweli ni kinyume chake. Kauli hiyo ilizaliwa kwenye tiba yenyewe, ina umri wa karibu miaka 2,000, na kwa sehemu kubwa ya umri huo ilikuwa sahihi. Zana zilipobadilika, sababu ya kusubiri ilibadilika nazo huku agizo likibaki lilelile, mpaka ikaja zana iliyoifuta sababu kabisa na kuliacha agizo likining'inia peke yake. Hoja yangu ni kwamba mzee anayeahirisha upasuaji leo hakaidi sayansi. Anaitii sayansi ya zamani, tena aliifundishwa na waliovaa makoti meupe. Anayetaka kumshauri, au kumsaidia kuchagua kati ya njia za upasuaji zilizopo, hana budi kujua sababu hizo zilikuwa zipi na zilikwisha lini.

Njia ya kwanza ilikuwa sindano. Imeelezwa katika mkusanyo wa tiba wa India unaohusishwa na Sushruta, na huko Roma ikaelezwa na Celsus katika karne ya 1. Mpasuaji alilichoma jicho ubavuni, kwenye weupe, akaisukuma chini lenzi iliyopoteza ung'avu mpaka ikatoka kwenye njia ya mwanga. Hakutoa kitu. Celsus aliamini kwamba ugonjwa huu ni ute unaoganda mbele ya lenzi, na hapo alikosea, lakini agizo lake la kungoja mpaka ute huo uache kuwa majimaji na upate ugumu lililingana kabisa na kazi ya mikono yake. Lenzi ambayo bado ni laini ikichomwa hupasuka, vipande vikasambaa ndani ya jicho na kuliwasha. Iliyokauka huzama nzima. Paulo wa Aegina, tabibu wa Alexandria katika karne ya 7, aliweka hata kipimo cha kukomaa: fumba jicho la mgonjwa, sugua kope kwa kidole gumba, kisha fumbua utazame kama weupe ule umetawanyika au umetulia. Ukitawanyika, bado. Matabibu wa dunia ya Kiislamu walirithi elimu hiyo na kuiongezea mengi. Mmoja wao, Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Cairo kwenye miaka ya 1000, alibuni sindano yenye tundu ya kufyonza kilichoziba badala ya kukisukuma. Wazo lake lilikuja mapema mno kuliko zana za kulibeba, na sindano ya kusukuma ikaendelea kutawala.

Sindano ililindwa na sifa moja: mgonjwa huona papo hapo. Madhara huja baada ya siku au miezi, maana usaha, uvimbe na presha ya jicho havina haraka. Ndiyo maana kazi hii iliwafaa sana waganga wa kusafiri. Mwingereza John Taylor alimchoma Johann Sebastian Bach mara mbili huko Leipzig mwanzoni mwa mwaka 1750. Mwanamuziki yule alibaki kipofu na akafa Julai mwaka huohuo. Afrika Magharibi kazi hiyo haijafa mpaka leo. Utafiti wa kitaifa wa upofu uliofanyika Nigeria kati ya 2005 na 2007 ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya macho yaliyokuwa yametibiwa mtoto wa jicho yalitibiwa kwa sindano ya jadi, na mengi kati ya hayo yalikuwa hayaoni. Ni rahisi kumlaumu mganga. Lakini yeye huja mpaka uani, hufanya kazi yake mbele ya watoto wa mgonjwa, na jibu huonekana kabla hajalipwa. Hospitali ngapi zinaweza kusema hivyo?

Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel alishindwa kuisukuma lenzi ya mgonjwa wake, akakata ukingo wa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kuitoa lenzi hiyo nje. Miaka mitano baadaye alikiwasilishia chuo cha kifalme cha upasuaji cha Paris ripoti ya wagonjwa wengi aliowatibu hivyo, na huo ndio mwanzo wa upasuaji tunaoujua. Mtu angetarajia kwamba agizo la kusubiri lingekufa siku hiyo. Halikufa, kwa sababu njia ya Daviel ilikuja na sababu yake mpya. Alikipasua kifuko cha lenzi, akatoa kiini na kukiacha kifuko ndani. Lenzi ambayo haijakomaa ina nyama laini inayonata kwenye kuta za kifuko, na bila hadubini wala namna nzuri ya kuosha, mabaki hayo yaliachwa yawashe jicho. Iliyokomaa hutoka safi. Tusisahau pia kwamba mpaka mwaka 1884, Carl Koller alipoonyesha kuwa kokeini hutia jicho ganzi, mambo haya kwa kawaida yalifanywa kwa mtu anayesikia kila kitu. Kuliahirisha tukio kama hilo mpaka lisiepukike hakuhitaji maelezo.

Katika karne ya 20 ilienea njia ya kuitoa lenzi nzima pamoja na kifuko chake. Mwaka 1961 Tadeusz Krwawicz wa Poland alionyesha namna ya kuigandisha lenzi kwenye ncha ya chombo chenye ubaridi mkali na kuivuta yote. Kwa njia hiyo haikujalisha tena kama imekomaa au la, na sababu zote mbili za kale zikafa. Ya tatu ilizaliwa kwenye miwani. Jicho lililotolewa lenzi huhitaji kioo kinene cha dayopta kama 10, na kioo hicho hukuza vitu kwa robo au zaidi. Fremu ya mlango hupinda. Ngazi huonekana karibu kuliko ilivyo, mkono unaotaka kushika kikombe hukikosa, na mtu anayekuja kwa pembeni huzuka ghafla kutoka kwenye duara la upofu lililo ukingoni mwa kioo. Baya zaidi ni jicho moja linapopasuliwa na la pili likiwa bado linaona: macho mawili yanaleta picha mbili za ukubwa tofauti, na ubongo hushindwa kuziunganisha. Mgonjwa wa namna hiyo alikuwa afadhali kabla ya upasuaji. Kwa hiyo madaktari, kwa akili timamu kabisa, waliweka kanuni ya kutogusa jicho mpaka yote mawili yakaribie kuzima. Huo ndio upasuaji uliofanywa katika kambi kubwa za macho za India na katika hospitali za misheni za Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa. Miwani ikivunjika au ikipotea, mtu alirudi gizani, na tafiti za upofu za Asia Kusini ziliwahesabu wengi waliopasuliwa vizuri na bado ni vipofu kwa kukosa miwani tu. Jirani aliyeyashuhudia hayo akaamua kungoja hakuwa mjinga. Alikuwa ameona ushahidi, akaupima.

Kilichobadilisha hesabu ni kipande cha plastiki. Harold Ridley, daktari wa macho wa London ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Ghana ya leo akichunguza upofu wa mtoni, aligundua kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', alimwekea mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Wakubwa wa fani, Stewart Duke-Elder akiwa mmojawapo, walimpinga kwa ukali, na kusema kweli hawakukosa hoja: lenzi za mwanzo ziliteleza, na macho mengine yaliharibika. Ilichukua miaka 30 ya marekebisho mpaka Marekani ikaziidhinisha rasmi mwaka 1981. Bado zilikuwa za matajiri, kwa bei ya karibu dola 100 kila moja. Hospitali ya Aravind ya Madurai, iliyoanzishwa na Govindappa Venkataswamy mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11, ilifungua kiwanda chake mwaka 1992 na kuishusha bei hiyo kufikia kama dola 10. Miaka miwili baadaye viwanda vya namna hiyo vilikuwa vikifanya kazi Kathmandu na Asmara, vikiwa ni matunda ya kampeni ya Mwaustralia Fred Hollows. Kwangu mimi, kiwanda cha Asmara ni tukio kubwa katika historia ya macho ya Afrika kuliko mashine yoyote iliyoletwa baadaye. Lenzi ikibaki ndani ya jicho, hakuna miwani minene, hakuna picha mbili, na hakuna sababu ya kungoja jicho la pili life.

Mambo yamegeuka hata zaidi ya hapo, kwa sababu sasa kusubiri ndiko kunakoongeza hatari. Lenzi iliyokaa miaka mingi huwa ya kahawia na ngumu, na kuivunja au kuitoa huumiza konea. Ikikomaa kupita kiasi huweza kuvimba, au kuvujisha majimaji yake, ikapandisha presha ya jicho na kuleta maumivu makali. Presha hiyo ikiua mshipa wa fahamu wa jicho, hakuna upasuaji utakaorudisha nuru.

Atakayepinga atasema kwamba yote haya ni anasa ya vitabu, kwamba mzee wa Rombo au Kwale hasubiri kwa ajili ya Celsus bali kwa ajili ya nauli. Umaskini ni mzito, sibishi. Lakini watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa mkoa wa Kilimanjaro, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2005, waligundua kwamba pesa peke yake haielezi nani anapasuliwa na nani anabaki nyuma; uamuzi hupitia kwenye familia, kwenye uhusiano wa mume na mke, wa wazee na vijana wao, na katika swali la kama mzee huyo anahitaji kuona kwa kazi anazozifanya. Hapo ndipo kauli ya kukomaa inapofanya kazi yake. Bibi asiyetaka kumwomba mwanawe pesa, na mwana asiyetaka kuombwa, wote wawili wanapata pa kujificha pakiwa na muhuri wa daktari. Tena hesabu ya umaskini ina upande wa pili: utafiti uliofanywa Kenya, katika eneo la Nakuru, pamoja na Bangladesh na Ufilipino, ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya upasuaji, kaya zilizokuwa duni kuliko majirani zilikuwa zimewafikia kwa matumizi. Miaka ya kusubiri ina gharama yake, ila hakuna anayeiandikia risiti.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu. Sababu ya kusubiri ikishaondolewa, ni nini kitamzuia mwenye kliniki ya biashara kumpasua kila mwenye ukungu kidogo? Hatari hiyo ipo. Upasuaji huu ni salama sana, lakini vidudu vikiingia ndani ya jicho vinaweza kulipoteza, na hakuna dharura inayomlazimu mtu mzima kuamua wiki hii. Kipimo kinachofaa si rangi ya lenzi, ni maisha ya mwenye jicho: dereva anayepofushwa na taa usiku, fundi asiyeweza kutunga uzi, mzee aliyeacha kusoma msahafu. Ambaye bado anafanya yake bila shida anaweza kungoja miezi, akaendelea kupimwa.

Mijini umezuka usubiri wa namna mpya, wa kungoja mashine. Watu huambiana kwamba upasuaji wa kweli ni wa "laser", wakimaanisha mara nyingi njia aliyoianzisha Charles Kelman huko New York mwaka 1967, ya kuisaga lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu la milimita tatu hivi. Ndoto ya al-Mawsili imetimia humo. Ila mbadala wake, upasuaji wa mkono wenye tundu linalojifunga lenyewe bila uzi, si daraja la pili. Jaribio la Kathmandu lililochapishwa mwaka 2007, lililolinganisha njia hizo kwa wagonjwa 108 wenye lenzi ngumu, lilikuta kwamba baada ya miezi sita 98% ya kila kundi waliona vizuri kwa miwani ya kawaida, na njia ya mkono ilitumia muda mfupi zaidi na pesa kidogo. Kwa lenzi changa mashine ina faida ya kidonda kidogo na kupona haraka. Kwa lenzi iliyoachwa ikakauka, mkono uliozoea ni bora kuliko mashine isiyozoeleka. Kuweka akiba miaka miwili kwa ajili ya mashine ni kuifanya lenzi iwe ya aina isiyoihitaji.

Kwa watoto hakuna mjadala. Mtoto aliyezaliwa na ukungu wa lenzi, ubongo wake haujifunzi kuona, na ukipita muda lenzi safi itapitisha mwanga kwa ubongo usiojua kuusoma. Hata hivyo watoto wa Tanzania wamekuwa wakifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa kwa miezi na miaka, na agizo la kungoja akue halikutungwa na bibi zao peke yao. Kwa watu wazima, shaka yangu ni kwamba agizo linaishi pia kwa sababu linaisaidia hospitali. Mahali ambapo mpasuaji hufika mara chache kwa mwaka, na madaktari wasaidizi waliofundishwa katika hospitali ya KCMC mkoani Kilimanjaro kuziba pengo hilo bado ni wachache kuliko wilaya zinazowahitaji, ni rahisi kumwambia mgonjwa kwamba jicho lake haliko tayari kuliko kumwambia kwamba sisi ndio hatuko tayari. Akiambiwa foleni ni ndefu, atauliza tarehe, na mwanawe atapiga simu kukumbusha. Akiambiwa hajakomaa, atakwenda nyumbani kungoja giza, na hakuna jina lake kwenye daftari lolote.