Mtoto wa Talaka katika Riwaya ya Makuzi: Kutoka Kästner hadi Wilson

Talaka ni jambo la kale, lakini mtoto wa talaka ni mgeni katika fasihi andishi ya vijana. Katika hadithi za Ulaya na Marekani, kwa muda mrefu mtoto aliyetakiwa aanze safari ya kukua alifanywa yatima. Mwandishi alimwua baba au mama katika kurasa za mwanzo, wala hakulaumiwa na mtu. Kifo kilihesabiwa kuwa kazi ya Mungu. Talaka ilikuwa aibu ya watu. Hata Henry James alipoandika What Maisie Knew mwaka 1897, juu ya msichana anayegawanywa kati ya wazazi waliotalikiana, aliwaandikia watu wazima. Yafaa basi kuchunguza jinsi aibu hiyo ilivyoondoka katika vitabu vya vijana, na kuuliza swali lililo nyuma yake: je, kitabu humfaa mtoto kwa kumpa anachokitamani, au kwa kumweleza yaliyo kweli?

Hatua mashuhuri ya kwanza ilipigwa na Mjerumani Erich Kästner. Mwandishi huyu aliujua uzito wa kunyamazishwa, kwani vitabu vyake vilichomwa moto hadharani mjini Berlin mwezi wa Mei 1933. Das doppelte Lottchen kilitoka mwaka 1949, katika Ujerumani iliyotoka vitani na yenye ndoa nyingi zilizovunjika. Wasichana wawili, Luise na Lotte, wanakutana katika nyumba ya mapumziko ya watoto na kugundua kwamba wao ni pacha. Wazazi walipoachana waliwagawa kama watu wagawanavyo vyombo: mmoja kwa baba mjini Vienna, mwingine kwa mama mjini Munich. Pacha hao wanabadilishana nafasi, na mwishowe wazazi wanaoana tena. Katikati ya hadithi Kästner anasimama kuwajibu watu wazima ambao wangesema kwamba mambo haya hayawafai watoto. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: ikiwa watoto wanateswa na talaka, ni dhuluma kuwazuia wasizungumziwe habari zake.

Hata hivyo, mwisho wa hadithi hiyo ni mwisho wa ngano. Mtoto anafundishwa kwamba akiwa na werevu wa kutosha atawarudisha wazazi pamoja. Ndoto hiyo ilipendwa sana, na Disney waliigeuza filamu mara mbili, mwaka 1961 na mwaka 1998. Lakini ndoto hiyo ina sumu yake. Mtoto ambaye wazazi wake hawakurudiana aweza kujiona kuwa ndiye aliyeshindwa.

Mabadiliko ya sheria ndiyo yaliyoilazimisha fasihi ibadilike. Jimbo la California lilipitisha mwaka 1969 sheria ya kuvunja ndoa bila kuthibitisha kosa la mume au mke, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Uingereza nayo ilipitisha sheria mpya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1971. Nchini Marekani talaka zilikuwa kama 393,000 mwaka 1960. Mwaka 1975 zilizidi milioni moja. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi hizo sasa zilijaa madarasani.

Judy Blume alitoa It's Not the End of the World mwaka 1972. Karen, msichana wa New Jersey aliye na umri wa miaka kumi na miwili, anafanya kila hila ya kuwapatanisha wazazi wake. Kaka yake anapotoroka nyumbani, wazazi wanakutana. Lakini badala ya kupatana wanagombana mbele ya watoto. Hapo ndipo Karen anapokua. Anatambua kwamba ugomvi ule haukuwa wake kuumaliza. Blume aliichukua hila ya Kästner, akaiacha ishindwe, na katika kushindwa huko msomaji akatuliwa mzigo.

Beverly Cleary aliandika Dear Mr. Henshaw, kilichotoka mwaka 1983, baada ya wavulana wawili wasiojuana kumwomba hadithi ya mvulana ambaye wazazi wake wameachana. Leigh, mtoto wa dereva wa lori, anamwandikia barua mwandishi ampendaye, kisha anajiandikia mwenyewe katika shajara. Mwishoni baba anarudi akitaka suluhu, mama anakataa, na Leigh anamwachia baba yake mbwa wao ili asiwe mpweke njiani. Mtoto aliyekuwa akingoja kuhurumiwa sasa ndiye anayehurumia. Kitabu hicho kilipata nishani ya Newbery mwaka 1984.

Huko Uingereza, Anne Fine alikwenda mbele zaidi katika Goggle-Eyes cha mwaka 1989, kilichopata nishani ya Carnegie. Kitty anajifungia na mwenzake anayelia katika kabati la vitu vilivyopotea shuleni, akamsimulia jinsi alivyomchukia mchumba wa mama yake na jinsi alivyomzoea. Dawa hapa ni masimulizi yenyewe. Jacqueline Wilson naye, katika The Suitcase Kid cha mwaka 1992, alimchora Andy anayehamahama kila juma kati ya nyumba mbili na sungura wake mdogo wa kuchezea. Andy harudishiwi nyumba yake ya zamani. Anajifunza kuishi bila hiyo.

Tangu mwaka 1916, Samuel Crothers alipoandika juu ya tiba kwa vitabu, wako waliotaka riwaya itolewe kama kidonge: talaka moja, kitabu kimoja. Mtazamo huo ulizaa vitabu vingi vikavu, ambamo mhusika ni ugonjwa wenye jina la mtu. Vilivyodumu ni vile ambavyo mtoto ana mbwa, ana chakula kinachoibwa shuleni, ana hasira na mzaha. Msomaji mchanga hatafuti mawaidha. Hayo ameyasikia ya kutosha kwa shangazi na kwa mwalimu. Anatafuta mwenzake.

Ama katika ngano za Kiswahili, mtoto anayeteswa aghalabu yumo mikononi mwa mama wa kambo. Mateso yake husimuliwa kinaganaga. Lakini jinsi mama huyo alivyoingia nyumbani, kwa kifo au kwa talaka, mara nyingi hupitwa kwa sentensi moja. Ndani ya sentensi hiyo mna riwaya nzima. Mwandishi atakayeiandika kwa ajili ya vijana hatalazimika kuwarudisha wazazi pamoja katika ukurasa wa mwisho. Itatosha amwonyeshe mtoto kwamba talaka ni ya waliooana, na kwamba yeye hakupewa.