Swichi Inayopima Joto: Historia ya Kifaa Tulichokitengeneza Busia

Leo zamu yetu ya historia inahusu kitu kidogo tu: swichi inayowasha feni chumba kikipata joto na kuizima kikipoa. Tuliitengeneza wenyewe hapa Busia kwa vipande vya vifaa vilivyokufa. Mtu anaweza kuuliza, historia iko wapi hapo? Iko, tena ndefu.

Tuanze na sababu. Wengi wetu tunalala kwenye vyumba vya mabati. Bati linakula jua mchana kutwa, halafu usiku linakurudishia. Na ukanda huu wa Busia na Tororo una malaria si mchezo. Nagongera, wilaya ya Tororo, ni jina linalojulikana na watafiti wa malaria duniani kwa sababu ya wingi wa mbu waliopimwa pale. Kwa hiyo neti ni lazima. Lakini ndani ya neti joto linazidi, na saa 6 usiku mtu anaitupa pembeni apate hewa. Mtoto anayelala naye ndiye anaumwa kwanza. Feni inasaidia watu wakae ndani ya neti. Shida ni kwamba feni ya sola ikizunguka usiku kucha, betri inakata kabla hakujakucha, na asubuhi hakuna taa wala simu yenye chaji.

Tulichohitaji ni feni yenye akili kidogo ya kujua wakati wa kupumzika.

Wazo hilo ni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1600, Mholanzi mmoja aliyeishi Uingereza, Cornelis Drebbel, alitengeneza tanuri la kuangulia mayai. Ndani yake kulikuwa na pombe kali na zebaki. Joto likipanda, pombe inavimba, inasukuma zebaki, na zebaki inapunguza hewa inayokwenda kwenye moto. Hakukuwa na mtu wa kukaa macho kulinda mayai. Karne iliyofuata, fundi wa saa John Harrison aliunganisha vipande viwili vya metali tofauti, shaba nyeupe na chuma. Vikipata joto, kimoja kinarefuka kuliko kingine, basi kipande kizima kinapinda. Mwaka 1830 Mskoti Andrew Ure alipata hataza ya kifaa cha kuongoza joto kwa njia hiyo, akakiita themostati. Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Wisconsin, Marekani, Warren Johnson, alipata hataza yake ya kifaa cha umeme cha joto la chumba. Kabla ya hapo mfanyakazi wa shule alikuwa anaingia darasa hadi darasa kuangalia kama wanafunzi wanaganda.

Kama unataka kumwona Harrison kwa macho, fungua pasi ya umeme iliyokufa. Utakuta kile kipande cha metali mbili. Ila kwa feni hakifai. Kimetengenezwa kwa joto la kunyoosha nguo, na chenyewe kinakata umeme joto likipanda. Sisi tunataka kinyume: joto likipanda, umeme upite.

Sasa turudi mpakani. Kabla ya 1902 hapa hapakuwa na mpaka huu. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mbali ndani ya nchi inayoitwa Kenya leo, hadi Waingereza walipouhamisha mwaka huo. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili. Umeme wenyewe haukujali sana mstari huo. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka hiyohiyo Tororo ikapata kiwanda chake cha saruji. Mwaka 1958 Kenya ikaanza kununua umeme wa Jinja kupitia laini iliyopita Tororo hadi Nairobi. Stima iliyowaka Nairobi ilipita juu ya vichwa vya watu wa hapa waliokuwa wanasomea kibatari.

Urithi huo bado uko ukutani. Uganda na Kenya zote zinatumia volti 240 na plagi ya miguu mitatu ya Kiingereza, kwa hiyo feni ya Busia ya Kenya inafanya kazi Busia ya Uganda bila maneno. Wenzetu waliotoka Kongo walikuja na chaja za miguu miwili ya duara, urithi wa Wabelgiji. Mkoloni wako unamjua mpaka kwenye soketi!

Na watu nao wamepita kama umeme. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na wengi walipanda treni ya Mombasa iliyopita Tororo. Waliondoka na maduka, karakana na ufundi. Miaka ile ya Amin, Waganda wengi nao walikimbilia Kenya kwa njia hii. Kisha mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, zamu ikawa ya Wakenya. Maelfu walivuka Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda, Tororo, halafu wengi wakapelekwa Kiryandongo. Kwa hiyo mtu akituambia hapa wakimbizi ni wageni, tunamwambia polepole: mzee, barabara hii imewabeba watu wa kila upande.

Haya, kifaa chenyewe. Moyo wake ni themista, punje ndogo ambayo ukinzani wake unashuka joto likipanda. Michael Faraday aliiona tabia hiyo mwaka 1833 kwenye salfaidi ya fedha, lakini karibu miaka 100 ilipita kabla haijawa bidhaa. Sisi tuliitoa kwenye betri ya laptopu ambayo fundi alishaifungua. (Msifungue wenyewe, betri za lithiamu zinalipuka moto.) Aina ya kawaida ina om 10,000 kwenye nyuzi 25. Ikifika nyuzi 29 inashuka hadi kama 8,400.

Themista inaungwa na kinzani cha om 10,000, na kati yao volti inapanda na kushuka kufuata joto. Chipu ndogo ya kulinganisha, LM393, inaitazama volti hiyo na kuilinganisha na ile tuliyoiweka kwa kitufe cha kuzungusha. Joto likizidi, chipu inaiamsha transista, transista inavuta rilei, na rilei inafungulia feni umeme. Rilei ya volti 12 tuliipata kwenye stebilaiza iliyoungua. Juu ya koili yake tumeweka daiodi, maana koili ikizimwa inarusha volti kali inayoweza kuua transista.

Jambo moja ni muhimu kuliko yote: nafasi. Feni inawaka nyuzi 29 na kuzima nyuzi 26. Kazi hiyo inafanywa na kinzani kimoja kinachorudisha habari kutoka mlango wa chipu. Bila nafasi hiyo rilei itapigapiga tak-tak-tak usiku kucha hadi ife. Na tumetumia volti 12 tu. Volti 240 ni ya fundi aliyesomea, haina huruma.

Hesabu yake ni hii. Betri ya asidi ya volti 12, saa-ampea 20, ina wati-saa 240, na haifai kuimaliza zaidi ya nusu, yaani 120. Feni ya wati 15 kwa saa 10 inakula 150. Imepita. Ikizunguka saa 6 tu, inakula 90, na 30 zinabaki kwa taa na simu.

Kwa nyinyi wa mashirika tuna neno moja. Mnaleta taa na paneli, asanteni. Zikiharibika zinakuwa takataka, na hapohapo kuna vijana wanaojua kuzifungua. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutafuta kazi, na ya Kenya ya 2021 imefungua mlango, ingawa kupata karatasi bado ni safari. Pamoja na paneli, leteni mita moja, chuma cha kulehemu na meza. Mkandarasi wa kutengeneza mnaye tayari, analala chini ya bati.

Na nyinyi vijana wenzetu: mkiona stebilaiza imetupwa, msiipite.