Riwaya ya Kiswahili na wasomaji wake: Nani husoma baada ya mtihani?

Ukitaka kukisia umri wa Mkenya aliyepitia shule ya upili, muulize ni riwaya gani ya Kiswahili aliyoisoma akiwa Kidato cha Nne. Akitaja Utengano, basi alifanya mtihani wakati wa miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii au muda mfupi baadaye. Akitaja Kidagaa Kimemwozea, alifanya kati ya 2013 na 2017. Chozi la Heri ni alama ya waliofuata.

Ukiendelea kumdadisi akutajie riwaya ya pili aliyoisoma kwa hiari yake, aghalabu kimya huingia. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala ambao wapenzi wa fasihi wamekuwa wakiuendesha miaka nenda miaka rudi: je, riwaya ya Kiswahili humu nchini ina wasomaji, ama ina watahiniwa tu?

Swali hili si la kujifurahisha. Mfumo wa 8-4-4 unafikia ukingoni. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE walifanya mtihani wao mwaka wa 2023, na kwa hesabu hiyo mtihani wa KCSE unatarajiwa kukoma mwaka wa 2027. Katika sekondari pevu, Fasihi ya Kiswahili imewekwa kuwa somo la kuchagua. Soko lililoibeba riwaya kwa miaka mingi linabadilika, na anayeandika, anayechapisha na anayesoma wote wana sababu ya kutega sikio.

Ilikotoka

Riwaya ya Kiswahili haikuzaliwa darasani, ingawa ililelewa na taasisi. James Mbotela, Mkenya wa Pwani, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka wa 1934, kitabu ambacho wahakiki hukitaja miongoni mwa hatua za mwanzo za nathari ndefu ya Kiswahili. Shaaban Robert wa Tanga alifuata na Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), kazi fupi zenye mafumbo na mawaidha.

Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1948, ilichochea uandishi kwa kuandaa mashindano. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya 1957-58 kwa hadithi ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka wa 1960. Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, akawa mhusika aliyependwa na watu ambao hawakuwa na mtihani wowote wa kufanya.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyoleta mavuno makubwa. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Kutoka Visiwani walikuja Mohamed Suleiman Mohamed na Kiu (1972) pamoja na Nyota ya Rehema (1976), Shafi Adam Shafi na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), kisha Said Ahmed Mohamed na Utengano (1980). Kenya ilikuwa na Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyeandika Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995).

Mambo yalibadilika humu nchini mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Ghafla kukawa na maelfu ya vijana waliohitaji riwaya moja ile ile kwa wakati mmoja. Wachapishaji waliona neema. Waandishi wengi wa Kenya, akiwemo Ken Walibora, John Habwe na Kyallo Wadi Wamitila, walichomoza katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii.

Yanayowagawa wasomaji

Anayefuatilia maoni ya wasomaji atagundua kwamba hoja zao hurudi kwenye mambo manne.

La kwanza ni lugha. Wapo wanaoilaumu riwaya kwa Kiswahili kigumu, hasa msamiati wa Pwani na Visiwani usiojulikana bara. Wengine hujibu kwamba riwaya ndiyo shule ya lugha, na kwamba kuogopa neno geni ni kuogopa kukua. Siku Njema ya Walibora (1996) ilionyesha kwamba pande hizi mbili zaweza kupatanishwa. Msimulizi wake, Msanifu Kombo, anatoka Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta babake hadi Kitale. Msemo na methali zimejaa kila ukurasa, lakini hadithi inakwenda kwa kasi kiasi kwamba msomaji hujifunza bila ya kuhisi anafunzwa.

La pili ni umbo. Kezilahabi alipochapisha Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliacha njia iliyozoeleka ya kusimulia kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wamitila naye aliendeleza majaribio katika Bina-Adamu! (2002) na Musaleo! (2004), na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001). Wasomi huzisifu kazi hizi kwa kuipanua fasihi yetu. Msomaji wa kawaida huuliza: "Kisa kiko wapi?" Si haki kumwita mvivu kwa swali hilo. Wala si haki kumlaumu mwandishi aliyekataa kurudia yaliyokwisha kusemwa.

La tatu ni maadili. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa kuwa ilisimulia waziwazi masaibu ya msichana aliyelelewa kwa ukali wa kupindukia na kisha akapotoka. Baadaye marufuku hayo yaliondolewa. Hata leo kuna wazazi wanaotaka riwaya za shule zisafishwe, na kuna walimu wanaoshikilia kwamba kijana hukutana na dunia kabla hajakutana na kitabu. Historia ya Rosa Mistika yafaa kukumbukwa na kila anayetaka kufungia kitabu: kilichoonwa kuwa hatari kwa kizazi kimoja kilikuja kusomeshwa kwa kizazi kingine.

La nne ni miongozo, na hapa malalamiko ni mengi zaidi. Riwaya ikishateuliwa, miongozo huchipuka kama uyoga. Mwanafunzi hupata muhtasari wa kila sura, orodha ya maudhui na sifa za wahusika zikiwa zimepangwa tayari kwa kukaririwa. Mtihani unaweza kupitwa kwa njia hiyo. Lakini aliyesoma mwongozo pekee hajui Maimuna wa Utengano alivyohisi alipotoka nyumbani kwa Bwana Maksuudi. Anajua tu kwamba "maudhui ni ukandamizaji wa mwanamke".

Biashara ya kuteuliwa

Riwaya inapoingia katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa, huuzwa kwa wingi kwa takriban miaka mitano. Orodha ikibadilishwa, kama ilivyofanyika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ilipochukua nafasi ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kitabu kilichotangulia huanza kutoweka madukani. Anayekitaka hulazimika kukitafuta kwa wachuuzi wa vitabu vikuukuu.

Mpango huu una faida ambazo hazifai kubezwa. Umewawezesha baadhi ya waandishi kupata mrabaha wa kutajika, na umehakikisha kwamba kila Mkenya aliyemaliza shule ya upili amekutana na angalau riwaya moja ya Kiswahili. Ubaya wake ni kwamba mchapishaji hujifunza kuuliza swali moja tu mbele ya mswada: je, huu waweza kuteuliwa? Mwandishi naye huanza kujihariri kabla ya kuhaririwa. Huondoa tukio ambalo huenda likamuudhi mzazi, hupachika dhamira zinazotarajiwa, na hukunja hadithi ili itoshee kurasa zinazofundishika.

Aidha, kuteuliwa huvutia maharamia. Nakala bandia huchapwa kwa karatasi hafifu na kuuzwa kwa bei ya chini, nazo nakala za kielektroniki husambazwa bure kwa simu. Mnunuzi huona ameokoa shilingi mia mbili tatu. Mwandishi haoni hata ndururu.

Sera za serikali pia zimeacha alama. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka wa 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16. Mwaka wa 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Hatua hiyo iliwapunguzia wazazi mzigo, lakini iliyanyang'anya maduka ya vitabu sehemu kubwa ya mauzo yake. Duka lisilouza kitabu cha kiada haliwezi kumudu kuweka rafu ya riwaya zinazonunuliwa moja moja.

Dalili za njia nyingine

Hata hivyo, si kweli kwamba Kiswahili hakina msomaji huru. Nchini Tanzania, hadithi za upelelezi na mapenzi za Ben Mtobwa na Elvis Musiba zilisomwa kwa hamu bila ya msukumo wa mwalimu. Joram Kiango na Willy Gamba walikuwa majina ya kawaida katika vinywa vya vijana. Wasomi waliziita riwaya pendwa, mara nyingine kwa dharau. Ukweli ni kwamba ndizo zilizojenga mazoea ya kusoma ambayo riwaya nzito huyategemea.

Tuzo nazo zimefungua mlango. Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili ilianzishwa mwaka wa 2014, na mshindi wa kwanza wa riwaya, mwaka wa 2015, alikuwa Anna Samwel Manyanza kwa mswada wake Penzi la Damu. Umuhimu wa tuzo ya namna hii ni kwamba mswada hupimwa kwa ubora wake bila ya kuulizwa utatahiniwa lini.

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) ilipata maisha mapya ilipogeuzwa filamu mwaka wa 2021 na mwelekezi Amil Shivji. Mwaka huo huo, Mzanzibari Abdulrazak Gurnah, ambaye huandika kwa Kiingereza, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni jambo la kutafakariwa kwamba hadithi ya pwani yetu ilisubiri zaidi ya robo karne kabla ya kurudi nyumbani katika lugha ya pwani hiyo.

Kisha kuna Siku Njema yenyewe. Iliondoka katika orodha ya mtihani zamani. Walibora alipofariki jijini Nairobi Aprili 2020, wengi waliomwomboleza waliikumbuka riwaya hiyo kuliko nyingine yoyote. Waliomtaja Kongowea Mswahili siku hiyo hawakuwa wakijibu swali la mtihani.

Kazi ya msomaji

Katika Kidagaa Kimemwozea, Walibora alimchora kijana Amani ambaye mswada wake unaibwa na Majisifu na kuchapishwa kwa jina la mwizi. Wengi wetu tuliisoma sehemu hiyo kama kisa cha ufisadi. Yafaa isomwe pia kama swali kwetu: sisi tunaokubali nakala bandia tuna tofauti gani na Majisifu?

Wakati umewadia wa msomaji kutoa maoni yake kwa njia ambayo mchapishaji anaielewa, yaani kununua riwaya halali ambayo hakuna aliyemwagiza kuinunua, kuisoma hadi mwisho, na kumwambia jirani yake kwa nini imemfaa au imemchosha. Maoni makali hayajawahi kuiua riwaya. Kinachoiua ni kufungwa siku ya mtihani na kutofunguliwa tena.