Maji ya Kutazama

Mwaka 1850, mkemia mmoja wa London aitwaye Robert Warington aliandika ripoti fupi kuhusu samaki wawili wa dhahabu. Alikuwa amewatia kwenye chombo cha maji, akapanda humo mmea wa majini uitwao Vallisneria, kisha akakaa kutazama. Mmea ulitoa oksijeni, samaki wakaivuta. Samaki walitoa uchafu, mmea ukaula. Majani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka, aliongeza konokono, nao wakala uozo. Mambo yakatulia. Maji yale yale, mwezi baada ya mwezi.

Wanaopenda akwariamu za mimea huhesabu ukoo wao kuanzia pale. Mimi hadithi hiyo niliisomea kwa simu, kwenye chumba kimoja cha kupanga huku Konza, mahali ambapo maji mara nyingi hayafunguliwi, yanaletwa. Kwa punda, kwa mkokoteni, kwa boda, kwa lori. Nilipoanza kupanga akwariamu yangu ya lita 60, mama mwenye ploti alipiga hesabu haraka kuniliko: mitungi mitatu. "Kijana, na hayo maji ni ya nini?" Nikamwambia, mama, ni ya kutazama tu. Hakukasirika. Alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi: "Ya kutazama."

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini ile tabia ya kufukua kitu mpaka mzizini sikuiacha huko. Kwa hivyo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni nani walioanza kuweka maji ya kutazama, na ni nani aliyewabebea.

Kabla ya Warington kulikuwa na mwanamke. Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyekuwa akiishi Sicily, alitengeneza matangi ya kioo mwaka 1832 ili amchunguze mnyama wa baharini wa jamii ya pweza akiwa hai. Miaka hiyo hiyo daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alikuwa amegundua kwamba mimea ikifungiwa ndani ya kioo huzungusha maji yake yenyewe: yanapanda kama mvuke, yanagonga kioo, yanarudi udongoni. Mwaka 1833 masanduku yake yakaanza kuvuka bahari yakiwa na mimea hai. Baadaye, ndani ya masanduku kama hayo, miche ya chai ilitolewa China ikapelekwa India, na miche ya mpira, iliyooteshwa kwa mbegu za Brazil, ikafika Asia. Kumbe lile wazo la kioo kinachojitosheleza, linaloonekana kama mchezo wa sebuleni, lilikuwa pia kifaa cha kazi cha himaya.

Halafu likaja wimbi. Mwaka 1845 Uingereza ilifuta kodi ya kioo, bei ikashuka. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza neno akwariamu, na watu wenye pesa kidogo wakawa wananunua hata maji ya bahari yaliyosafirishwa mpaka mjini. Mwaka huo huo wa 1854, mtaa wa Soho, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 500 waliozunguka pampu moja ya Broad Street. Mji mmoja, mwaka mmoja: kuna waliokuwa wakinunua maji ya kutazama, na kuna waliokufa kwa maji ya kunywa.

Nilipofika hapo nikaona swali la mama mwenye ploti si la ushamba hata kidogo. Ndilo swali lenyewe.

Sasa turudi huku kwetu. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896. Ilipoingia nyika ya Taru, maji ya wafanyakazi, wengi wao Wahindi wa mkataba, yalilazimika kuletwa kwa treni kutoka nyuma. Mei 1899 reli ikafika Nairobi, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wamepaita kwa jina la maji baridi, na maji hayo ni sababu mojawapo ya kambi kuwekwa pale. Njiani ilipita Konza, ikauacha mji wa Machakos pembeni, ingawa Machakos ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara kabla Nairobi haijakuwa chochote.

Injini ya mvuke hunywa maji, tena si maji yoyote. Maji yenye chumvichumvi huacha ukoko mweupe ndani ya boila, ule ule unaouona chini ya sufuria ukichemshia chai maji ya kisima cha huku. Mimi pia ukoko huo ulinipa kazi. Maji ya aina hiyo hupandisha ugumu wa tangi na mimea mingine hudumaa. Kwa hivyo nilingoja mvua ya Novemba, nikakinga maji ya mabati, nikayachanganya na kidogo ya kisima.

Kuanzia 1911 reli nyingine ilianza kuchimbuliwa kutoka hapa Konza, ikiteremka Kajiado mpaka Ziwa Magadi, karibu kilomita 150. Ilikamilika 1915. Lengo lake lilikuwa magadi yenyewe, yale yale yanayolainisha maharagwe, ila safari hii kwa viwanda vya kioo na sabuni vya ng'ambo. Ona mzunguko huo: magadi ni mojawapo ya vitu vinavyoyeyushwa na mchanga kutengeneza kioo. Kijiji chetu kilikuwa njia panda ya malighafi ya kioo.

Mwisho wa reli hiyo kuna samaki. Mwaka 1912, wakati mataruma bado yanatandikwa, George Boulenger wa jumba la makumbusho la Uingereza alimwandika kisayansi tilapia mdogo anayeishi kwenye chemchemi za moto kandokando ya Magadi. Leo anaitwa Alcolapia grahami. Anaishi kwenye maji ya nyuzi zaidi ya 40, yenye magadi makali kiasi kwamba samaki wa kawaida hangemaliza siku. Siri yake mojawapo ilithibitishwa na watafiti mwishoni mwa miaka ya 1980, na ukishaanza akwariamu unaielewa haraka.

Kila tangi jipya lina adui mmoja: amonia. Samaki wengi huitoa kupitia matamvua, na ikijaa majini inawaua wao wenyewe. Kinachowaokoa ni bakteria, ambao huigeuza kuwa naitraiti, bado sumu, kisha naitreti, ambayo mimea huila. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana nilitandika udongo chini, mchanga juu yake, nikapanda, nikajaza maji polepole juu ya sahani ili udongo usitibuke, halafu nikakaa wiki tano nikitazama tangi lisilo na samaki hata mmoja. Majirani waliona ni utani.

Sasa yule wa Magadi hawezi kutegemea njia hiyo. Kwenye maji makali kama yale amonia haitoki mwilini vizuri. Kwa hivyo yeye anaigeuza kuwa urea ndani ya mwili kabla hajaitoa, kama tufanyavyo sisi binadamu. Anafanya mwenyewe kazi ambayo tangi langu lilihitaji wiki tano na kijiji kizima cha bakteria.

Na binadamu wakamhamisha. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alipelekwa Ziwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu. Ziwa ambalo halikuwa na samaki likawa na samaki, na wale ndege wakubwa walao samaki, wari, wakajaa. Wengine watasema hilo lilikuwa jambo zuri. Labda. Lakini hadithi nyingi za kuhamisha viumbe vya majini Afrika Mashariki hazikuisha vizuri hivyo.

Uliza mtu wa Kisumu kuhusu gugumaji. Asili yake ni Amerika Kusini. Lilizungushwa duniani kwa sababu moja tu: ua lake la zambarau lilipendeza kwenye mabwawa ya bustani. Maji ya kutazama, tena. Kufikia mwaka 1990 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, na mwishoni mwa muongo huo mitumbwi ya Ghuba ya Winam ilikuwa inakwama kama gari kwenye tope la Mto Athi. Ilibidi waletwe fukusi wadogo wanaolila gugu hilo pekee, na mpaka leo halijaisha. Naivasha walitangulia: Salvinia, jani dogo la kuelea ambalo watu wa akwariamu na mabwawa walilipenda sana, lilikuwa limetanda ziwani miaka ya 1960.

Halafu kuna mbuta. Huyu hakutoka kwenye akwariamu, alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kwa ajili ya minofu. Chini yake waliishi fulu, samaki wadogo wa mamia ya aina, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi, pengine 200, zilikuwa hazionekani tena. Lakini hapa ndipo nilipolazimika kuacha kuichukia akwariamu. Baadhi ya fulu ambao hawapatikani tena ziwani waliendelea kuzaana kwenye matangi ya kioo Ulaya na Marekani, chini ya uangalizi wa watafiti, majumba ya wanyama na watu wa kawaida wenye matangi sebuleni. Kioo ambacho kiliusafirisha uharibifu ndicho kilichohifadhi ushahidi wa tulichokuwa nacho. Ukitaka kuwaona samaki wa babu zetu wa ziwani, wengine inabidi uombe viza.

Nimetaja mchanga kwa haraka, lakini huku mchanga si kitu cha kutaja kwa haraka. Susu yangu alichota maji kwa kufukua mchanga wa mto uliokauka. Mvua ikiisha, mto unaonekana umekufa, lakini chini ya mchanga maji yapo, yamejificha jua lisiyafikie. Ndiyo maana Ukambani watu wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege unawekwa kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa ndani ya mchanga. Na ndiyo maana malori yanayobeba mchanga wa mito ya Machakos kwenda kujenga Nairobi yamezua ugomvi wa miaka mingi. Anayebeba mchanga amebeba pia maji ya mtu. Mimi sikuchota mtoni. Niliomba ndoo moja kwa fundi aliyebakisha kidogo baada ya ujenzi, nikauosha mpaka maji yakatoka meupe.

Kilomita chache kutoka hapa, Januari 2013, Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa Konza Technopolis kwenye ekari 5,000 zilizokuwa ranchi ya Malili. Mji mzima umechorwa kwanza kwenye karatasi, ndipo barabara, nyaya na mabomba yatandikwe, ndipo watu waingie. Kwa mtu wa akwariamu huo ni utaratibu unaoeleweka kabisa. Na shida yake pia inaeleweka: maji. Bwawa la Thwake, huko Makueni na Kitui, ni mojawapo ya majibu yaliyopangwa. Sisemi mji huo ni mbaya, wenzangu kadhaa wanatafuta kazi huko na mimi nimeandikia wateja walioko huko. Nasema tu kwamba hakuna chombo, kiwe cha lita 60 au cha ekari 5,000, kinachojitosheleza. Hata cha Warington kilihitaji mtu wa kuongeza maji yaliyopotea kwa mvuke, na mtu wa kuokota konokono bwawani. Tukiambiwa kitu kinajiendesha chenyewe, mara nyingi maana yake ni kwamba aliyebeba mtungi hakuandikwa.

Kwa hivyo nilimjibu mama mwenye ploti vizuri zaidi, kwa vitendo. Kila Jumamosi natoa lita 15, maji ya rangi ya chai hafifu yaliyojaa naitreti, na yanaenda moja kwa moja kwenye sukuma wiki zake nyuma ya ploti. Yanatazamwa wiki moja, kisha yanaliwa. Mimea niliyochagua ni Vallisneria, kwa heshima ya yule mkemia, na Ceratophyllum, ambayo tayari inaota yenyewe Naivasha na Victoria. Gugumaji na Salvinia sikuziweka hata kwa kujaribu, ingawa zinapendeza kwenye picha. Samaki ni gapi sita.

Kama na wewe unapanga kuanzisha akwariamu, ya Rongai au ya Syokimau au ya popote, watu watakufundisha mambo ya taa na mbolea. Mimi nakuachia moja tu. Siku ukichoka nayo, usiende kumwaga mtoni. Mafuriko ya huku Konza huishia Athi. Athi inapita Ukambani, inapita Tsavo ikiitwa Galana, inaitwa Sabaki ikikaribia Malindi, ndipo inaingia Bahari ya Hindi. Njiani kote huko kuna mtu ameinama na mtungi.